Cherehani Kilichobebwa kwa Vicheko

Sajenti Naftali Mbwambo alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa pikipiki, na mara moja wizi wa mlango mzima wa kanisa pamoja na fremu yake. Lakini hakuwahi kukutana na mashahidi wanaosema bila kuulizwa mara mbili kwamba wao ndio waliomsaidia mwizi kubeba. Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, alikutana na wawili kwa mpigo.

"Mimi nilishika upande wa gurudumu," alisema Bonifasi, muuza kuku. "Mzito ule, afande. Mpaka sasa mgongo unauma."

"Na kamba ya kufungia ni yangu," alisema Asnath, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. "Ya katani, mpya. Nayo ataileta?"

Naftali aliandika yote mawili kwenye daftari lake, akashika kofia isipeperuke. Upepo wa Singida haukuwa umemzoea bado, au yeye hakuwa ameuzoea. Ilikuwa miezi mitatu tangu ahamishwe kutoka Same, na kofia mbili zilikuwa zimeshakwenda na maji ya Ziwa Singidani.

Mtaa wa Mawe Matatu uko kata ya Utemini, na ni mtaa mfupi tu, lakini ukiusikiliza asubuhi unaweza kudhani kuna mkutano wa mikoa. Bonifasi ni Mnyaturu, na kuku wake wa kienyeji huwasema kwa Kinyaturu wakikaidi kuingia tengani. Asnath ni Mnyiramba wa Mkalama. Kwenye kona kuna fundi baiskeli Mnyamwezi, duka la vifaa vya ujenzi la Mchaga, na msikiti mdogo ambao imamu wake anatoka Kondoa. Katikati yao wote, kwenye baraza la saruji lenye kivuli kizuri, alikaa Marietha Chilewa, Mgogo wa Manyoni, fundi cherehani. Tofauti ni kwamba leo alikaa bila cherehani.

Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe alikuwa ameikalia kwenye kiti chake cha kazi kana kwamba mtu angekuja kuchukua na hicho.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kesho, Jumamosi, binti wa mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaolewa, na wanawake kumi na wawili walikuwa wamempa Marietha vitenge vyao vya sare. Kwa miaka miwili aliyokaa mtaani hapo alikuwa akipewa kufupisha suruali na kubana sketi. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana. Magauni saba yalikuwa tayari. Matano yalikuwa yamekatwa tu, na vipande vyake vilikuwa kwenye mfuko uliofungwa chini ya meza ya cherehani. Jana Alhamisi saa sita mchana alikwenda kumpimisha mama wa bibi harusi gauni lake. Aliporudi saa nane, cherehani hakikuwepo, mfuko haukuwepo, na majirani walikuwa wanacheka.

"Wanawake watano wataingia kanisani na nguo za nyumbani," alimwambia Naftali. "Baada ya hapo nani ataniletea hata kifungo? Nitarudi Manyoni kwa kaka yangu, nikamlelee watoto. Ndiyo hiyo, afande. Andika."

Naftali aliandika. Kisha akauliza swali ambalo polisi yeyote angeuliza: kwa nini taarifa imekuja leo, na wizi umetokea jana?

Hapo watu wote watatu walitazamana, na ikabidi wamweleze kwa zamu, kwa sababu yeye ni Mpare na walimwona kama anahitaji msaada. Jana mchana alikuja mwanaume mmoja mwenye kofia ya pama, anasukuma guta, lile toroli la magurudumu matatu la kubebea mizigo. Alisema yeye ni Mnyamwezi, ametoka Tabora, na amekuja kumtania Mgogo wake. Anachukua cherehani, na fundi akirudi aambiwe aandae jogoo wa kukikombolea. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Unamtukana, anakutukana, unakomboa, mnakula pamoja, basi. Bonifasi alicheka akashika upande wa gurudumu. Asnath alicheka akatoa kamba. Mchaga wa dukani alitoka akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, guta lipite vizuri.

"Hata mimi nilicheka," alisema Marietha kwa uchungu. "Niliporudi wakaniambia, nikacheka. Nikanunua jogoo kwa Bonifasi, nikamchinja, nikampika. Mtaa mzima tulikaa hapa tukimsubiri mtani. Asnath alifunga banda mapema ili asikose kuona. Hakuja mtu. Saa tatu usiku tukamla jogoo wenyewe."

"Alikuwa mtamu," alisema Bonifasi, halafu akaona sura ya Marietha akaenda kuangalia kuku wake.

Naftali alichuchumaa barazani. Kwenye saruji kulikuwa na alama nne za kutu pale miguu ya cherehani ilipokuwa imesimama kwa miaka miwili. Zote nne zilikuwa sawa, za mviringo, hakuna iliyokwaruza. Cherehani hakikuburutwa, kilinyanyuliwa kwa heshima zote na watu waliokuwa wanafurahi. Aliandika: miguu minne, yote mizima.

"Mnyamwezi wa mtaa huu ni yupi?" aliuliza.

Wote walielekeza vidole kwenye kona.

Mzee Emilian Mihayo alikuwa ameketi juu ya kigoda, amepindua baiskeli, anachezesha spoku moja moja kama mtu anayepiga zeze. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu na miwani iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Naftali alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba bila kuinua macho. Kabla ya swali lolote, akasema:

"Ni mimi."

"Wewe nini, mzee?"

"Cherehani cha yule Mgogo. Nimechukua mimi. Nilimtuma mtu wangu. Mwambieni jogoo wa jana hakutosha, sasa nataka wawili."

Mtu mwingine angetoa pingu. Naftali alikaa kwenye tofali lililokuwa karibu na kumwangalia yule mzee kwa makini. Majirani walikuwa wameshamwambia sifa zake. Siku Marietha anahamia, Emilian ndiye aliyekalia godoro lake katikati ya barabara akagoma kuondoka mpaka apewe mlenda. Mama yake Marietha alipofariki, Emilian alisafiri mpaka Manyoni kwa ajili ya kulala kaburini na kuzuia mazishi hadi kaburi likombolewe, na waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Kwa vyovyote, huyu ndiye angekuwa wa kwanza kuchukua cherehani. Tatizo ni kwamba alikuwa amekiri haraka mno, na mikono yake ilikuwa imeacha kuchezea spoku.

"Sawa," alisema Naftali. "Nimefurahi. Basi niambie tu kitu kimoja nimtulize yule mama. Ule mguu wake uliokatika, uliofungwa kwa waya, haukuvunjika njiani?"

"Haukuvunjika," alisema Emilian. "Mimi ni fundi. Nimeufunga upya kwa waya mpya."

Naftali alifungua daftari akamwonyesha: miguu minne, yote mizima.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, na shati lenyewe lilikuwa na grisi, kwa hiyo akazidi kuiharibu. Kisha alizungumza kwa sauti ya mtu aliyepatwa na aibu ya kweli. Jana hakuwepo, alikuwa amekwenda sokoni kutafuta spoku. Aliporudi akakuta mtaa unamsubiri Mnyamwezi mwingine.

"Nifikirie, mwanangu," alisema. "Mgogo wangu mimi. Nimemtania miaka miwili, nimemzikia mama. Halafu anatokea Mnyamwezi nisiyemjua, anachukua kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuchukua, mchana kweupe, mtaa mzima unamshangilia. Mimi nitauweka wapi uso wangu? Bora niseme ni mimi."

Naftali hakujua acheke au amkaripie. Alifanya yote mawili. Alimwambia kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa, na kwamba kama angemwamini, mwizi angepata siku nzima ya kukimbia na Marietha angekwenda Manyoni. Hilo la mwisho lilimchoma mzee kuliko kosa.

"Mwizi?" aliuliza. "Kwani unaona ni mwizi?"

"Wewe mtani unaonaje?"

Emilian alifikiri, na alipofikiri uso wake ulibadilika. Alisema kwamba tangu jana kuna kitu kilikuwa kinamkera na alidhani ni wivu tu. Mtani akichukua kitu, anakaa nacho pale pale karibu. Anataka kutukanwa. Kazi yote ile ni kwa ajili ya kuona sura ya mwenye mali. Kuchukua wakati mwenyewe hayupo, halafu kulala nacho bila kuja kusikia hata tusi moja, hiyo ni njaa ya kitu na siyo utani.

Wakarudi kwa Asnath. Naftali alimwomba aeleze tena, taratibu, tangu yule mtu alipofika, na asiruke hata neno dogo. Asnath alisema alifika, akasalimia, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa na adabu sana. Akasifu cherehani. Akauliza fundi yuko wapi, akaambiwa. Akauliza fundi mwenyewe ni kabila gani.

"Ngoja hapo," alisema Naftali. "Aliuliza kabila la fundi kabla hajasema la kwake?"

"Ndiyo. Nikamwambia ni Mgogo wa Manyoni. Akapiga makofi, akasema, basi huyo ni mtani wangu, mimi ni Mnyamwezi."

Naftali aliipigia mstari sentensi hiyo daftarini.

"Na kama ungesema fundi ni Mhaya?" aliuliza Naftali.

Asnath aliweka mwiko chini. Alielewa, na aibu ikamshika, kwa sababu alikumbuka pia kwamba alimpa maji yenyewe kwenye kikombe cha wageni. Yule mtu alikuwa amechagua kabila kama mtu anavyochagua ufunguo kwenye bunda la funguo, mpaka akapata unaofungua kufuli.

Naftali alipiga simu. Alikuwa na rafiki mmoja kule Ikungi, polisi kata, aliyesoma naye chuoni. Akamuuliza kama kuna wizi wowote umeripotiwa ambao watani wametajwa. Rafiki yake alisema hapana, hakuna wizi. Halafu akacheka. Kuna jambo tu la kuchekesha pale gulioni Issuna, alisema: Msukuma mmoja mnunuzi wa dengu amechukuliwa mizani na mtani wake Mzaramo, wiki mbili sasa. Amemfunga jogoo kwenye mguu wa meza anamsubiri mtani aje na mizani ikombolewe, na jogoo sasa amenenepa hata kutembea anaona uvivu.

"Mwambie jogoo asichinjwe," alisema Naftali. "Mtani hatakuja."

Basi sasa alijua mwizi anafanyaje kazi, na alijua kwa nini hakuna jalada hata moja. Nani atakwenda polisi kushtaki utani? Lakini kujua hivyo hakukumwambia alipo. Upepo ulikuwa umepiga usiku kucha na barabara nzima ilikuwa imefagiliwa safi, hakuna alama ya gurudumu wala ya kiatu. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, Emilian akimfuata nyuma, kofia mkononi wote wawili.

Ni Emilian aliyesimama. Mbele ya banda la Asnath, pale anapomwagia maji ya vyombo kila siku, kulikuwa na kitope kilichokuwa kimekauka kikawa kigumu kama tofali. Kwa kuwa jana Asnath alifunga mapema kwa ajili ya jogoo, na leo hajaosha hata kijiko, maji mapya hayakuwa yamemwagwa. Gurudumu la nyuma la guta lilikuwa limepita hapo katikati na kuacha alama yake yote.

Mzee alipiga magoti. Akaweka kidole kwenye mstari uliokatiza alama ya tairi kwa mshazari, vitundu vidogo vilivyopangana viwili viwili.

"Tairi hili lilipasuka likashonwa," alisema. "Na aliyeshona ni mimi. Wengine wanashona kwenda tu. Mimi nakwenda na kurudi. Mji huu hakuna mwingine anayepoteza muda hivyo."

"La nani?"

"La Ignas. Yule Mrangi anayebeba mashudu ya alizeti pale kwenye mashine ya kukamulia mafuta, karibu na soko."

Bonifasi, aliyekuwa amesogea, alijipiga paji la uso. Alisema kweli, sakafu ya guta ilikuwa na mashudu, yalimwingia kwenye ndala, na kuku wakamfuata nyuma mpaka ndani. Naftali alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Bonifasi alisema hakuulizwa habari za kuku.

Walimkuta Ignas amefunikwa na vumbi la alizeti mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mpole na alishangaa sana kuona polisi. Ndiyo, jana aliazimisha guta. Alimwazimisha ndugu yake mmoja Mrangi, mgeni hapa mjini.

"Mrangi," alisema Naftali.

"Mrangi mwenzangu, afande. Aliniuliza mimi ni kabila gani, nikamwambia, akanikumbatia. Ila Kirangi hajui. Alisema amekulia mjini."

Emilian alikohoa. Naftali alimkanyaga mguu kidogo ili asicheke, kwa sababu Ignas alikuwa hajamaliza. Yule ndugu alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, mlango wa tatu. Tena alikuwa amemwomba Ignas amfuate leo saa saba na guta, ampelekee mizigo stendi, basi lake la Mwanza linaondoka saa nane.

Saa ya Naftali ilisema saa sita na nusu.

Alimpigia Marietha aje na bodaboda, kwa kuwa mali haitambuliwi na polisi, inatambuliwa na mwenyewe. Alifika kabla simu haijarudi mfukoni. Wakaenda wote kwa miguu nyuma ya guta, Ignas akisukuma mbele kwa huzuni ya mtu ambaye ametoka kupoteza ndugu.

Aliyefungua mlango wa tatu alikuwa na kofia ya pama kichwani na tabasamu mdomoni. Tabasamu lilikaa mpaka alipoona sare ya polisi, likatetereka, likarudi mahali pake. Nyuma yake kilionekana cherehani kimefungwa kwa kamba ya katani ya Asnath. Mfuko wa vitenge ulikuwa bado unaning'inia chini. Pembeni, juu ya kitanda, ilikaa mizani kubwa ya kupimia nafaka.

Marietha alipita katikati ya wanaume wote bila kumgusa mtu, akainama, akafungua mfuko, akahesabu vipande vya magauni matano kwa midomo tu. Vilikuwa vyote. Alikaa chini sakafuni akashika mguu wa cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu jana machozi yalimtoka.

"Karibuni, karibuni," alisema yule mtu. "Jamani, mtani umechelewa kuja kukomboa. Jogoo yuko wapi?"

Naftali alikuwa amelitarajia hilo, na hata hivyo lilimkwaza. Alimuuliza kuhusu mizani. Yule mtu alisema ni ya mtani wake Msukuma. Naftali alimuuliza vipi awe Mzaramo kule Issuna na Mnyamwezi hapa Utemini. Yule mtu alijibu bila kupepesa kwamba baba yake ni Mzaramo na mama yake ni Mnyamwezi.

"Na Mrangi?" aliuliza Ignas kwa sauti ndogo.

"Bibi," alisema yule mtu.

Halafu akamgeukia Naftali kwa upole. "Afande, wewe unajua sheria. Wizi ni kuchukua kwa nia mbaya. Mimi nilichukua mchana, mbele ya majirani, na wao wakanisaidia kubeba. Waulize. Niliacha na ujumbe. Huu ni utani, na utani hauna kesi."

Ubaya ni kwamba alikuwa amepanga maneno yake vizuri. Naftali aliwaza mahakamani: Bonifasi kizimbani akieleza alivyoshika upande wa gurudumu huku anacheka, Asnath akieleza habari za kamba na kikombe cha wageni. Hakimu angecheka naye. Mshtakiwa angetoka mchana uleule akatafute mji mwingine na kabila lingine. Na cherehani, kama kielelezo, kingelala kituoni mpaka kesi iishe.

Marietha alikuwa amenyanyuka. Alifuta uso kwa ncha ya kanga na kumtazama yule mtu kwa muda, kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kumbe wewe ni mtani wangu kweli," alisema.

"Kweli kabisa, mama."

"Vizuri. Mpagazi wewe, uliyezaliwa na mzigo kichwani." Akaivua ile kofia ya pama kichwani pake akaivaa mwenyewe. "Hii nimechukua."

Yule mtu alicheka. Emilian alisogea karibu aone vizuri. Marietha alimwambia avue viatu, yule mtu akavivua, Marietha akimwambia miguu yake inafaa kukanyagia udongo wa matofali. Akavirusha kwenye guta. Yule mtu bado alicheka, ila kidogo. Marietha alichukua begi lake la safari lililokuwa limefungwa tayari, akampa Ignas. Akachukua koti. Akachukua tiketi ya basi kwenye mfuko wa koti, akaitumia kujipepea. Kila kitu alikisindikiza na tusi, na matusi yalikuwa mazuri, yamepikwa yakaiva, hata Emilian akatikisa kichwa kwa heshima. Yule mtu alikuwa ameacha kucheka. Hakuwa na hata tusi moja la kurudisha.

"Mrudishie basi," Emilian alimhimiza. "Mtukane. Mwambie habari za mlenda. Unashindwaje?"

Marietha alinyoosha mkono, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati lake.

"Lete hiyo," alisema yule mtu, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. Akamshika mkono. Marietha hakuachia. "Lete simu yangu. Afande, huyu mama ananiibia, na wewe umesimama unaangalia. Huu ni wizi."

Nje, muuza maji alikuwa anagonga ndoo. Naftali aliangalia saa, akafungua daftari, na kuandika maneno yale kama yalivyotamkwa, na saa yalipotamkwa, na majina ya watu watatu walioyasikia pamoja naye.

"Mtani haibiwi," alisema Emilian, kama kwa huruma. "Ungejua hilo, ungekuwa umeshacheka."

Hakukuwa na haja ya pingu. Yule mtu alikaa kitandani kando ya mizani, pekupeku.

Saa nane kasoro, mkuu wa kituo alikubali cherehani kisilale kituoni. Naftali alikipiga cherehani picha pande zote nne, akanakili namba yake ya chuma, Marietha akatia saini ya kukipokea na ahadi ya kukileta siku ya kesi. Ignas alikisukuma mpaka Mawe Matatu na Emilian akakisindikiza mkono mmoja juu yake. Marietha alisema hatimaye Mnyamwezi amepata mzigo, na mzee alifurahi kutukanwa kuliko alivyowahi kufurahi. Bonifasi alishika tena upande wa gurudumu, safari hii bila kulalamika mgongo. Naftali alipopita jioni kumrudishia Asnath kamba yake, gauni la nne lilikuwa linashonwa, Asnath anapiga pasi, na muuza kuku wa Utemini amekaa mkekani na miwani ya mke wake, anashona vifungo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Alirudi kituoni, akamketisha mtuhumiwa mbele ya meza, akavuta fomu ya maelezo. Jina: Peniel, na la baba likafuata. Umri: arobaini na moja. Kazi: mtu huyo alifikiri, akasema mfanyabiashara. Dini aliitaja. Naftali alijaza kila kisanduku kwa mwandiko wake wa taratibu, akashuka kwenye kilichofuata.

"Kabila?"

Peniel alifungua mdomo, akaufunga. Aliutazama uso wa sajenti, akatazama jina lililoshonwa kifuani pake, na taratibu lile tabasamu la mchana likaanza kurudi.

"Kwanza, afande," alisema, "wewe ni kabila gani?"